Lita kwa Saa Zilivyotupoteza: Kisa cha Kulinganisha Kombaini Mbili

Kisa hiki ni cha shamba moja la ngano lililotaka kununua kombaini, yaani mashine inayovuna na kupura kwa pamoja, na likakaribia kuchagua kwa kipimo kisicho sahihi. Majina ya watu, ya shamba na ya watengenezaji nimeyaondoa, pamoja na chochote ambacho kingelitambulisha shamba hilo. Takwimu zote ni za shamba hilo, kwa msimu huo na ngano hiyo, kwa hiyo asizichukue mtu kuwa kipimo cha mashine zote za aina hiyo. Mimi niliingia siku ya pili, nikiwa mshauri wa mitambo ya kilimo, wakati siku ya kwanza ilikuwa imeshaharibika.

Usuli

Shamba lilikuwa na hekta 420 za ngano iliyotarajiwa kutoa tani 4 na ushee kwa hekta. Kombaini ya zamani ilikuwa imechoka kiasi kwamba kila msimu siku nyingi zilikwenda kwa fundi kuliko kwa mavuno. Meneja alikuwa amehesabu kuwa tangu ngano inapokauka vya kutosha hadi inapoanza kupukutika anapata siku 21 za kazi. Katika kila siku, ukitoa umande wa asubuhi na unyevu unaorudi jioni, saa za kuvuna kweli ni 7.

Hesabu ya kwanza ni hapo. Hekta 420 kwa siku 21 ni hekta 20 kwa siku, na kwa saa 7 ni karibu hekta 2.9 kwa saa, pamoja na kugeuka, kushusha na kusubiri. Namba hiyo ilikuwepo katika daftari la meneja, ukurasa wa tatu, lakini siku ya majaribio hakuna aliyeifungua. Watu walikuja na swali jingine kabisa: ipi inakula mafuta kidogo?

Mashine zenyewe

Mashine mbili zililetwa kwa majaribio. Ya kwanza tutaiita Ngoma, kwa sababu inapura kwa ngoma iliyolala kukingama na mwendo wa mashine, kisha mabua hupita juu ya vitikisio vitano vinavyoyarusharusha hadi punje zilizobaki zidondoke. Injini yake ilikuwa ya kilowati 165, yaani farasi 220 hivi. Kichwa cha kukatia kilikuwa cha mita 5.4 na tangi la nafaka lilibeba lita 6,000.

Ya pili tutaiita Rota. Hiyo haina vitikisio. Mabua huingia katika rota ndefu iliyolala kufuata urefu wa mashine, yanazunguka ndani ya kizimba mara kadhaa, na punje hutenganishwa kwa nguvu ya mzunguko. Muundo huu uliingia sokoni miaka ya 1970 na tangu hapo wakulima hawajaacha kubishana juu yake. Injini ilikuwa ya kilowati 260, kichwa cha mita 7.5, tangi la lita 9,000.

Ukiziangalia tu zimesimama pamoja, unajua haziwezi kunywa sawa. Kuuliza ipi kati ya hizi inatumia lita chache kwa saa ni kama kuuliza lori na pikipiki ipi inakunywa kidogo, bila kuuliza mzigo.

Siku ya kwanza

Rota ilianza saa tatu na nusu asubuhi. Umande ulikuwa bado haujaisha kwenye mabua. Dereva wake alikata chini sana, karibu kukwaruza udongo, kwa sababu mwenye shamba alikuwa amesimama pembeni na alipenda shamba libaki safi. Kikatakata mabua kilikuwa kimefungwa na kinafanya kazi.

Ngoma ilianza saa nane mchana, jua limechoma, katika kipande kingine cha shamba. Dereva wake alikata juu zaidi, na kikatakata alikuwa amekizima, akiacha mabua yajipange mstari nyuma ya mashine.

Jioni meneja aliandika mistari miwili. Rota, lita 47 kwa saa, namba iliyosomwa kwenye skrini. Ngoma, lita 26 kwa saa, namba aliyoambiwa na muuzaji kwa sababu mashine hiyo haikuwa na skrini ya mafuta. Nilipofika kesho yake alinipokea kwa maneno haya: "Fundi, hii Rota inakunywa karibu mara mbili. Kazi yako imekwisha kabla hujaanza."

Nilimuuliza kila moja ilivuna tani ngapi. Hakuwa amepima. Nilimuuliza ilivuna hekta ngapi. Akasema, "Rota ilikuwa mbele, lakini siyo sana." Nikamuuliza nyuma ya kila mashine kulibaki nini ardhini. Hapo akanyamaza, na kwa haki yake niseme kwamba alinyamaza kama mtu anayefikiri, si kama mtu aliyeudhika.

Ukizihesabu tofauti za siku hiyo, unaona kuwa kilichopimwa hakikuwa mashine. Mabua yenye umande ni magumu kukatika na kupurwa, na huongeza mzigo wa injini. Kukata chini kunaingiza mabua mengi zaidi mashineni, na mashine inalazimika kuyapitisha yote ingawa hayana punje. Kikatakata ni mzigo mwingine unaovutwa na injini hiyo hiyo. Rota ilibebeshwa yote matatu kwa pamoja. Ngoma haikubebeshwa hata moja.

Tulivyopanga upya

Niliomba siku moja na nusu zaidi. Wauzaji wote wawili walikubali, mmoja kwa moyo mweupe zaidi ya mwenzake.

Tulichagua kipande kimoja, ngano ya aina moja iliyosimama vizuri, mistari yenye urefu wa mita 400. Badala ya kugawa kipande nusu kwa nusu, tulikigawa katika kanda nyembamba zinazopishana: ukanda wa Ngoma, ukanda wa Rota, hivyo hivyo hadi kila moja ipate hekta 8. Lengo ni kwamba kama upande mmoja wa shamba una ngano nzito zaidi, zote mbili ziionje.

Kazi ilianza saa tano asubuhi kwa mashine zote mbili. Urefu wa kukatia ulikuwa mmoja, sentimita 15 kutoka ardhini, tuliupima kwa rula na si kwa macho. Vikatakata vyote viliwashwa wakati wa kuvuna. Mafuta hatukuyasoma kwenye skrini. Kila mashine ilisimama kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, tangi likajazwa hadi shingoni, ikaenda kuvuna, ikarudi mahali pale pale na kuelekea upande ule ule, likajazwa tena hadi alama ile ile. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizoliwa. Nafaka yote ilipita kwenye mizani ya magari.

Kuna utaratibu wa kimataifa wa kujaribu kombaini, ISO 8210, na mtu mwenye maabara na wiki mbili anaweza kuufuata wote. Sisi tulikuwa na rula, saa, mizani na trei ya plastiki. Kwa trekta mambo ni mepesi zaidi: jimbo la Nebraska nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 1919 ya kuzipima trekta kabla ya kuuzwa humo, na hadi leo mnunuzi anaweza kusoma matokeo ya kituo hicho. Anayenunua kombaini mara nyingi anategemea brosha, au anaingia shambani mwenyewe.

Jambo la mwisho tulilokubaliana lilileta mabishano. Nilisema kila mashine itaendeshwa kwa kasi ambayo hasara ya punje nyuma yake ni asilimia 1 ya mavuno, si zaidi. Muuzaji wa Ngoma alitaka kila dereva achague kasi yake. Nilikataa, na sababu ya kukataa inahitaji kuelezwa kwa urefu.

Punje zinazobaki nyuma

Kombaini yoyote inaweza kuonekana yenye kasi na yenye kubana mafuta ukiiacha itupe punje. Ukisukuma mwendo, tabaka la mabua juu ya vitikisio linakuwa nene, punje hazipati njia ya kushuka, na zinatoka nyuma pamoja na mabua. Hasara hiyo haipandi taratibu. Inakaa chini kwa muda mrefu, kisha ukivuka kiwango fulani inaruka.

Tuliipima hivi. Kabla ya jaribio lenyewe Ngoma ilipita kwa kasi aliyoitaka dereva wake, kilomita 6 kwa saa, kikatakata kikiwa kimezimwa ili mabua yadondoke kwenye mstari wenye upana wa mita 1.2. Trei ya robo ya mita ya mraba ilitupwa chini ya mashine ikipita, kati ya magurudumu. Tulipeperusha makapi, tukahesabu punje, tukatoa zile zilizokuwa zimeanguka kabla mashine haijafika. Zilibaki punje 350.

Mtu akiona 350 ataogopa bure, kwa sababu mstari ule mwembamba umekusanya kilichotoka katika upana wote uliokatwa. Ngoma kwa vitendo ilikuwa inakata mita 5.1, kwani hakuna dereva anayejaza kichwa chote bila kupishana kidogo na ukanda uliopita. Punje 350 katika robo mita ni 1,400 katika mita nzima ya mraba. Mita 5.1 ukigawa kwa 1.2 ni 4.25, na 1,400 ukigawa kwa 4.25 ni punje 329 kwa kila mita ya mraba ya shamba. Punje elfu moja za ngano ile zilikuwa na gramu 40. Kwa hiyo ni gramu 13.2 kwa mita, sawa na kilo 132 kwa hekta. Mavuno yalikuwa tani 4.1. Hiyo ni zaidi ya asilimia 3.

Dereva alipunguza hadi kilomita 4.3 kwa saa, tukatupa trei tena mara tatu. Wastani ulikuwa punje 105, ambazo kwa hesabu ile ile ni kilo 40 hivi kwa hekta, asilimia 1. Mwendo ulipungua kwa zaidi kidogo ya robo, na hasara ikashuka hadi chini ya theluthi moja ya ilivyokuwa.

Tofauti ya kilo 92 kwa hekta, ukiizidisha kwa hekta 420, ni zaidi ya tani 38 za ngano. Nilimwandikia meneja namba hiyo kwenye kiganja cha glavu yake. Tangu hapo hakuna aliyebishana juu ya asilimia 1.

Rota ilifika asilimia 1 ikiwa kwenye kilomita 5.6 kwa saa, ikikata mita 7.2.

Siku ya pili: hekta nane kwa nane

Kasi ya kukata ni rahisi kuhesabu: upana kwa mita, zidisha kwa kilomita kwa saa, gawa kwa kumi, unapata hekta kwa saa. Ngoma 2.19, Rota 4.03. Hizo ni hekta za mashine isiyogeuka, isiyoshusha na isiyosubiri mtu. Brosha hupenda namba hizo.

Saa ya mkononi ilisema mengine. Ngoma ilimaliza hekta 8 kwa saa 5 kamili, ambayo ni hekta 1.6 kwa saa. Rota ilimaliza kwa saa 3 na dakika 12, hekta 2.5 kwa saa. Yaani Ngoma ilitimiza asilimia 73 ya uwezo wake na Rota asilimia 62 tu. Kwa kombaini, vitabu vya uhandisi wa mashine za shamba hutaja kati ya 65 na 80, na kwa hiyo Rota, mashine kubwa na ya kisasa zaidi, ndiyo iliyokuwa nje ya mstari.

Mafuta: Ngoma lita 128, Rota lita 122. Mizani: Ngoma tani 32.6, Rota tani 32.9.

Sasa tazama namba zinavyobadilika sura kulingana na unachogawia. Kwa saa, Ngoma ni lita 25.6 na Rota 38.1, Ngoma inashinda kwa mbali. Kwa hekta, Ngoma ni 16 na Rota 15.3. Kwa tani ya nafaka iliyopimwa, Ngoma 3.9 na Rota 3.7. Mashine iliyotukanwa jana kuwa mlevi ilikuwa inatumia kidogo kuliko mwenzake kwa kila gunia.

Lakini sikutaka meneja arukie upande wa pili na kusema Rota imeshinda kwa mafuta. Tofauti ya lita sita katika jaribio moja inaweza kutoka kwenye jinsi tangi lilivyojazwa tu. Kwa hekta 420 hata tukiiamini yote, ni lita 315 kwa msimu. Ilinganishe na tani 38 za punje nilizozitaja. Nilimwambia wazi kwamba kwa mafuta mashine hizi ni sawa, na aache kuchagua kwa mafuta.

Rota ilipoteza wapi muda? Msaidizi mmoja alikuwa ameandika kila dakika. Kugeuka mwisho wa mistari kulikula dakika 19, kushusha dakika 14, na dakika 40 nzima ilikuwa imesimama tangi likiwa limejaa, rota inazunguka bure, ikisubiri tela. Ngoma ilikuwa na dakika 26 za kugeuka, kwa kuwa kichwa chake chembamba kinadai mistari mingi zaidi, 28 za kushusha, 20 za kuzibua koo lililokabwa na mabua, na dakika chache za mambo madogo. Ngoma haikusubiri tela kabisa.

Shamba lilikuwa na trekta moja na tela moja la tani 5. Kwenda ghalani, kupima, kumwaga na kurudi ni nusu saa. Hiyo ni tani 10 kwa saa na hapana zaidi. Ngoma ilitoa tani 6 na nusu kwa saa, tela likapata hata muda wa kupumzika. Rota ilipokuwa inakata ilikuwa inatoa zaidi ya tani 16.

Dereva wa Rota, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alishuka mara ya tatu akasema, "Mzee, mnapima kombaini au mnapima tela?"

Nusu siku ya tela la pili

Siku ya tatu tulikodi trekta na tela la pili, Rota ikapewa hekta 8 nyingine kando ya zile za jana. Ilimaliza kwa saa 2 na dakika 32. Hiyo ni karibu hekta 3.2 kwa saa, asilimia 78. Mafuta yalikuwa lita 113, yaani lita 14.1 kwa hekta. Zile dakika 40 za kusubiri zilikuwa zimekula lita tisa bila kukata hata suke moja.

Kwa kuwa muda ulibaki, tulijaribu mambo mawili kwenye kanda fupi, na matokeo yake nayachukulia kwa tahadhari. Kuinua kichwa kutoka sentimita 15 hadi 25 kulipunguza kama lita moja na nusu kwa hekta, na mashine iliweza kuongeza mwendo kabla hasara haijafika asilimia 1. Kuzima kikatakata kulipunguza karibu lita mbili. Angalia: marekebisho haya mawili, ambayo hayahitaji kununua chochote, kila moja lina uzito kuzidi tofauti nzima iliyokuwa kati ya mashine mbili.

Sababu inaeleweka ukifuata nishati. Lita moja ya dizeli ina karibu kilowati-saa 10, na injini nzuri inatoa kama 4 kati ya hizo kwenye shafti. Nyingine zinatoka kama joto. Sehemu kubwa ya hizo nne haiendi kwenye punje. Inaenda kwenye kuvuta, kupondaponda na kukata mabua. Kila bua unaloliacha limesimama shambani ni kazi ambayo injini haikuifanya.

Hata hivyo kikatakata hakizimwi hivi hivi. Kipande kitakachopandwa bila kulimwa kinahitaji mabua yaliyokatwa fupi na kusambazwa sawasawa, la sivyo mashine ya kupandia inakwama kwenye marundo.

Uamuzi

Mezani kulikuwa na njia nne. Ngoma moja, kwa hekta 1.6 na saa 7, ni hekta 11 kwa siku, zaidi ya siku 37. Hiyo iliondoka mara moja, haijalishi inakunywa nini. Rota yenye tela moja ni hekta 17.5 kwa siku, siku 24. Bado imepita siku 21. Rota yenye tela mbili ni hekta 22 kwa siku, siku 19.

Njia ya nne ilikuwa Ngoma mbili. Hizo zingefika hekta 22 kwa siku, na moja ikiharibika nyingine inaendelea. Meneja aliikataa kwa sababu alikuwa na dereva mmoja tu aliyebobea, na mwanafunzi kwenye kombaini hutupa nafaka kuliko anavyookoa. Niliikubali hoja yake siku ile. Leo ningemtaka aijadili kwa saa moja zaidi.

Wakanunua Rota, wakakodi trekta na tela la pili kwa msimu. Waliamua kukata sentimita 20 kama kawaida, kushuka chini tu ngano inapokuwa fupi au imelala, na kuwasha kikatakata kwenye vipande vya kupandwa bila kulimwa peke yake.

Msimu ulivyokwenda

Walimaliza kwa siku 23, si 19. Mafuta yalikuwa lita 14.9 kwa hekta kwa shamba zima, hasara iliyopimwa kwa trei kila siku ya tatu ilikuwa wastani wa asilimia 1.3. Siku moja ilipotea kwa mvua, nyingine kwa beringi iliyokufa. Siku hiyo ya beringi shamba zima lilisimama, na ndipo nilipokumbuka Ngoma mbili.

Baada ya mvua, Rota ikiwa na tangi lililojaa iliacha mifereji kwenye sehemu ya bondeni. Uzito wa mashine hatukuwa tumeutazama kabisa siku za majaribio.

Hekta zilizovunwa mwishoni zilikuwa zimeanza kupukutika kabla mashine haijafika.

Kilichofanya kazi, kilichoshindikana

Kilichotuokoa ni kubana hasara kwanza kisha kupima mengine. Bila hilo Ngoma ingepita kwa kilomita 6 kwa saa, ingeonyesha hekta nyingi na lita chache kwa hekta, na kila mtu angempongeza dereva. Kanda zinazopishana pia zilifaa, ingawa ziliwachosha madereva. Na daftari la dakika, kazi ya kijana mmoja aliyekaa juani siku nzima na saa, lilitoa jibu muhimu kuliko vyote, jibu ambalo hakuna aliyelitafuta.

Skrini ya mafuta ya Rota siku ya pili ilisema lita 35.5 kwa saa, wakati kujaza kulionyesha 38.1. Tofauti ya asilimia 7 si kubwa kwa dereva anayetaka kujua kama leo ni kama jana. Kwa anayelinganisha mashine mbili zilizopishana kwa asilimia 5, inatosha kugeuza mshindi.

Makosa yetu yalikuwa kadhaa. Hatukubadilishana madereva. Yule wa Rota alikuwa ametulia na mwenye uzoefu mwingi, na sehemu ya matokeo ni ya mikono yake. Dereva wa shamba alipokabidhiwa mashine ilimchukua karibu wiki kupata mpangilio mzuri wa feni na chekeche, na nadhani sehemu ya ile asilimia 0.3 iliyozidi imetoka humo. Tulijaribu ngano iliyosimama na kukauka tu. Ngano iliyolala, au yenye magugu mabichi chini, ni mtihani mwingine, na hapo rota hunguruma na kudai nguvu nyingi huku vitikisio vikiendelea kwa upole. Mwenye shamba ambalo mvua humkuta kila mavuno asichukue matokeo yetu kama yalivyo.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kufanya majaribio karibu na ghala. Hekta 270 ziko jirani, na huko Rota ilifanya kazi karibu kama siku ya tatu ya jaribio, kwa lita 14.4. Hekta 150 nyingine ziko mbali, na safari ya tela kule ni dakika 55. Tela mbili za tani 5 kwa dakika 55 ni tani 11 kwa saa tu. Rota ikarudi kusubiri, kama siku ya pili: hekta 2.4 kwa saa na lita 15.8 kwa hekta. Kwa kuwa mashine ikifanya kazi bila kusubiri inatoa tani 13 kwa saa, kushusha na kugeuka vikiwemo, kipande cha mbali kilihitaji tela tatu. Tungeweza kuijua hesabu hiyo siku ya kwanza, kwa penseli, kabla kombaini yoyote haijawashwa. Msimu ujao meneja amepanga tela tatu kwa kipande cha mbali, na amemwomba yule kijana wa saa akae na daftari lake la dakika tena.